Acheni Kuusifia Ugonjwa

Nimechoka na kauli moja inayozunguka kila wapenzi wa fasihi wanapokutana: eti dawa za baipola zinaua kipaji. Msanii asimeze, ati moto utazimika. Hivi, ni nani kati ya wanaosema hivyo aliyewahi kukesha na mtu ambaye hajalala siku nne, anaongea bila kituo, anagawa mshahara wote kwa watu asiowajua, kisha wiki chache baadaye hawezi hata kuinuka kwenda kuoga? Shairi gani linaandikwa hapo?

Mfano wanaoupenda ni Virginia Woolf. Jamani, Woolf alifariki 1941. John Cade, daktari wa Australia, alichapisha matokeo yake kuhusu lithiamu 1949. Woolf hakuchagua sanaa akaacha dawa. Dawa yenyewe haikuwepo. Mkitaka mfano mchukueni Robert Lowell, aliyelazwa mara kwa mara, akaanza lithiamu 1967, na kitabu chake The Dolphin cha 1973 kikampatia tuzo ya Pulitzer. (Wapo wasiokipenda. Sawa, hata kabla ya lithiamu walikuwepo wasiompenda.)

Wala sisemi lithiamu ni peremende. Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia anayeishi na ugonjwa huu, ameeleza katika An Unquiet Mind (1995) jinsi dozi kubwa ilivyomnyima uwezo wa kusoma vitabu kwa miaka mingi. Wewe msomaji wa riwaya, hebu lifikirie hilo! Lakini kilichomrudishia kusoma ni dozi iliyopunguzwa kitabibu. Alipoisusa dawa, nusura afe.

Mjadala wenu ungeanzia hapo ningekaa kuusikiliza. Kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, ndiyo maana damu hupimwa, na figo na tezi ya shingoni hukaguliwa. Ukiharisha, ukitapika au ukipungukiwa maji, lithiamu hupanda mwilini. Hata ibuprofeni ya kununua dukani huipandisha. Mikono ikitetemeka vibaya na mtu akaanza kupepesuka, ni kukimbilia hospitali, si kusubiri kesho. Kuiacha ghafla nako ni hatari. Na dawa za sonona zikitumiwa peke yake zinaweza kumrusha mgonjwa juu, kwenye zile siku za kutolala.

Haya hamuyaulizi. Mnamuuliza mshairi kama bado moto anao. Muulizeni mara ya mwisho alipimwa damu lini.