MAONI YA MHARIRI: UFUNGUO WA KABATI



Mwaka jana ndugu yetu mmoja wa kikosi cha njia aliitwa ofisini kujibu shtaka la uzembe. Alikwenda peke yake. Alisimama mbele ya wakubwa watatu, akatia sahihi karatasi asiyoielewa, na mwisho wa mwezi hakuwa na kazi. Tulipokwenda kumpa pole, mzee mmoja akasema, "Lakini sheria yamruhusu mtu kwenda na mwenzake."

Mzee alisema kweli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa makosa au kwa uzembe, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kijitabu cha sheria hiyo tulikuwa nacho. Kilikuwa ndani ya kabati, na ufunguo alikuwa nao katibu wa zamani, aliyekwisha kustaafu na kurudi kwao.

Ndugu zangu, kosa hilo ni letu. Twalipa ada kila mwezi, lakini desturi ya chama hatukuijenga. Desturi ni kila mwanachama kujua la kufanya hata kama katibu hayupo. Nayo haiji kwa hotuba za mara moja kwa mwaka; huja kwa kusoma pamoja na kukumbushana.

Basi twapendekeza tuwe na sanduku la vitabu. Kwanza litiwe sheria: Katiba ya 2010, ambayo ipo kwa Kiswahili, na kifungu chake cha 41 chatupa haki ya kuwa na chama na ya kugoma, pia Sheria ya Ajira na Sheria ya Mahusiano ya Kazi, zote za 2007. Pili, mkataba wetu na madaftari ya mikutano yaliyotawanyika majumbani. Aliye nayo ayalete, hata kama yameliwa na panya. Tatu, historia ya vyama.

Katika historia, kipo kitabu cha Makhan Singh, History of Kenya's Trade Union Movement to 1952, kilichotolewa mwaka 1969. Baba yake alikuwa fundi wa reli kabla ya kuwa na mtambo wa kuchapa. Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950 akazuiliwa zaidi ya miaka kumi na moja huku kwetu kaskazini, Lokitaung, Maralal na Dol Dol, hata akaachiliwa mwaka 1961. Alikuwa mtu wa kutunza karatasi, na kwa sababu hiyo leo twajua wazee wetu walidai nini na walijibiwa nini.

Wengine watasema, "Sisi si watu wa vitabu, na Kiingereza chatushinda." Mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa. Ikiwa ngamia aliweza kuvibeba jangwani, sisi hatuwezi kuvibeba kutoka nyumba hadi nyumba? Kila mkutano na uanze kwa nusu saa ya kusoma kwa sauti. Ajuaye Kiingereza awaelezee wenzake kwa Kiswahili. Anayeazima aandikwe jina, arudishe baada ya wiki mbili. Ufunguo wawe nao watu watatu, wala si mmoja.

Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 ikakoma hapo. Sisi tunaokaa Isiolo twapanda kwenda kazini. Mwaka 2012 ulizinduliwa mpango wa kuleta reli kutoka Lamu kupitia hapa Isiolo, nayo bado haijajengwa. Siku ikija, vijana wengi wataingia kazini. Je, watakuta chama chenye kumbukumbu, au kabati lililofungwa?

Lete kitabu. Lete daftari. Lete hata karatasi moja.

Umoja ni nguvu.

Mhariri