Pini Imewekwa Ili Ikatike
Mwandishi aliyewashauri waendesha mitumbwi ya Kasongo watie kipande cha bolti ngumu badala ya pini ya rafadha, eti isikatike tena, amewapotosha. Pini ya injini ndogo ni laini kwa makusudi. Rafadha ikigonga mwamba wa mto Lualaba, au gogo lililosukumwa na mto Luama kutoka upande wa Kabambare, pini hukatika na madhara huishia hapo. Ukitia chuma kigumu, pigo hilo hupanda hadi kwenye shafti na gia. Pini hubadilishwa papo hapo mtoni; gia hazibadilishwi hivyo.

Mwandishi huyo anahofia mtumbwi kuchukuliwa na maji pini ikikatika. Hofu hiyo ni ya kweli, maana mna watu ndani. Basi beba kasia na pini za akiba. Chomoa waya wa plagi kwanza, vua rafadha, toa vipande vyote vya pini ya zamani, kisha tia mpya yenye unene uleule. Ikikataa kuingia usiipige nyundo: huenda kuna kipande kimebaki tunduni.