Nani Kasema Mama Si Familia?



Hebu hesabu watu wa nyumbani kwenu. Utaanza na mama, baba na ndugu zako, kisha nyanya, babu, mjomba, shangazi, hadi yule mtoto wa binamu ambaye mamako amemlea tangu akinyonya. Sasa chukua orodha hiyo uipeleke Washington. Kuna wanasiasa kule wanataka ikatwe, wabaki mume au mke na watoto wadogo basi. Mama ametolewa. Nduguyo ametolewa. Nyanya hata hakuwahi kuingia.

Hizi si porojo. Mwaka 2017 maseneta Tom Cotton na David Perdue walipeleka mswada ulioitwa RAISE, na mwezi Agosti Rais Donald Trump akasimama nao Ikulu akauunga mkono. Ulitaka kufuta nafasi za kaka na dada, na za watoto wakubwa. Mzazi wa raia angepewa viza ya muda tu, asifanye kazi, na bima yake ya afya alipiwe na mwanawe. Grini kadi za familia zenye kikomo zingeshuka kutoka 226,000 hadi 88,000 kwa mwaka. Na ile bahati nasibu ya viza 50,000 ambayo Wakenya wengi walikuwa wakijaza kila mwaka ingefutwa kabisa.

Mswada huo haukupita. Februari 2018 Seneti iliukataa mwingine wa aina hiyo kwa kura 60 dhidi ya 39. Lakini wazo lenyewe halijafa. Linarudi bungeni kila mara kwa jina jipya, na kila mara linakuja na neno lile lile la kutisha: mnyororo. Ati akiingia mmoja, anavuta ukoo mzima.

Wewe uliye Majengo, Eastleigh au Garissa, na una jamaa Minneapolis au Columbus, unajua mambo si hivyo. Sheria ya Marekani haina nafasi ya mjomba, shangazi, binamu wala nyanya. Raia anaweza kumwombea mwenzi wake, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja. Nafasi za ndugu ni 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na ndani yake wamo wake, waume na watoto wao. Ndio maana foleni hupita miaka 10. Mtu anaombewa akiwa kijana, anaitwa akiwa na mvi. Tena anayemwombea jamaa hutia saini kwamba kipato chake kinatosha kumsimamia asiwe mzigo kwa serikali. Huo ni mnyororo gani?

Historia nayo tuijue. Sheria ya 1924 iligawa nafasi kwa asili ya mtu, na Ulaya ya Kaskazini na Magharibi ndiyo iliyopendelewa. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoondoa ubaguzi huo na kuweka familia mbele. Baadhi ya wabunge waliipenda familia kwa sababu walidhani ni Wazungu ndio watakaoitana. Kumbe Waasia, Walatino, Waarabu na Waafrika pia wana mama zao. Muda si muda, jambo lililoonekana jema likaanza kuitwa tatizo.

Tuwe waadilifu: kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie, na kutaka wenye ujuzi si dhambi. Mswada wa RAISE ulileta mfumo wa alama, ambapo mwenye miaka 26 hadi 30 anapata alama nyingi za umri na aliyepita 50 hapati hata moja. Lakini muuguzi mwenye ujuzi naye ana mtoto. Akiingia kazini usiku, nani anabaki na mtoto? Mara nyingi ni nyanya aliyepita 50. Ukimhesabu kwa alama, ni sifuri. Ukimwondoa, muuguzi hafiki kazini.

Na wakubwa wanalijua hili vizuri. Agosti 2018, wakati Trump akiupiga vita huo "mnyororo", wazazi wa mkewe Melania waliapishwa kuwa raia. Binti yao ndiye aliyewaombea grini kadi. Hakuna ubaya hata kidogo, kila mtoto angefanya hivyo. Basi mama wa Msomali au wa Mkenya ana kosa gani?

Wakumbuke pia wale nyanya wa 2017. Mahakama ya Juu iliruhusu sehemu ya marufuku ya kusafiri kwa nchi sita, Somalia ikiwemo, lakini ikasema wenye jamaa wa karibu wasizuiwe. Serikali ikatamka kuwa nyanya na babu si jamaa wa karibu. Ilibidi jaji wa Hawaii, Derrick Watson, aamue kuwa ni jamaa. Fikiria, jambo ambalo mtoto wa chekechea analijua lilihitaji jaji!

Sisi Waislamu wa Kenya tumeonja upande wa pili. Kijana wa mpakani akienda kuchukua kitambulisho, alipigwa msasa na kuulizwa hati za babu yake, hadi Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kuwa msasa huo umeondolewa. Huku babu alitakiwa kwa lazima, kule wanasema si familia. Serikali ikitaka kukufungia mlango, huanza na ukoo wako.

Sasa ufanye nini? Kwanza, mswada si sheria. Dalali akikuambia ulipe haraka kabla mlango haujafungwa, huyo ni mwizi. Pili, jamaa yako aliye raia kule ana kura. Mpigie, muulize mbunge wake anasimama wapi. Tatu, wekeni hati sawa: vyeti vya kuzaliwa, na ndoa isajiliwe rasmi. Nikahi ya msikitini bila cheti cha serikali itakusumbua ubalozini.

Kwetu kuunga udugu ni wajibu. Mtu akikutajia "mnyororo", muulize tu: mamako yumo au hayumo?