Jimbo Tumepata, Mfuko Wake Je?

Ndugu wafanyakazi wa mashimo, na ninyi wakaaji wa mji wa Bunia,

Sisi makarani tunashinda na hesabu toka asubuhi hata jioni, na hesabu haimbembelezi mtu. Leo tufanye hesabu ya jimbo letu.

Mwaka 1962 Bunia ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kibali-Ituri. Mwaka 1966 jimbo hilo likafutwa, tukarudishwa chini ya Jimbo la Mashariki, na wenye shida wakasafiri mpaka Kisangani kutafuta muhuri. Katiba ya 2006 ikatuahidi jimbo. Tukangoja miaka tisa. Mwaka 2015 Jimbo la Mashariki likagawanywa mara nne: Ituri, Haut-Uele, Bas-Uele na Tshopo. Hata Kilo-Moto ya wazee wetu ikakatwa: Kilo kwetu, Moto kule Haut-Uele. Tulicheza ngoma. Lakini ngoma haijengi daraja.

Ituri ina teritware tano: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa, tena mji wa Bunia na komini zake tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Kila mtoto wa shule anazijua. Ila wakubwa wengi hawajui kwamba teritware haina mfuko wake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 yasema wazi: wenye haki ya kujiongoza na kushika mali yao ni mji, komini, sekta na sheferi. Teritware ni ofisi ya Serikali tu, na mkuu wake huteuliwa toka juu.

Ujinga huo umetugharimu sisi wenyewe. Daraja la njia yetu ya kazini lilivunjika. Tukaandika barua, tukatia saini, tukaipeleka kwenye ofisi moja kubwa. Tukangoja miezi, akina mama wakivuka mtoni na watoto mgongoni. Mwisho tukajibiwa: hapa hakuna fedha. Kumbe tulikuwa tumeomba chakula kwenye nyumba isiyo na jiko!

Basi jiko liko wapi? Fungueni sheria ya madini, iliyorekebishwa mwaka 2018. Kampuni yenye kibali cha kuchimba dhahabu hulipa 3.5 kwa mia ya thamani ya dhahabu yake. Tuseme imeuza dhahabu ya dola 1,000,000: italipa dola 35,000. Katika hizo, Serikali ya Kinshasa hupata nusu, yaani 17,500. Jimbo hupata 8,750. Mfuko wa vizazi vijavyo hupata 3,500. Na komini, sekta au sheferi ambamo shimo limo hupata 5,250. Hizo si sadaka ya tajiri wala zawadi ya gavana. Ni haki, na sheria yataka zilipwe moja kwa moja kwa yule mwenye ardhi yenye shimo.

Sasa tunauliza: nani kati yetu, huko Mongbwalu au katika sekta ya Banyali-Kilo, amewahi kuona hesabu hiyo imebandikwa ukutani? Na dhahabu inayovushwa kwa siri kwenda Uganda haiachi hata senti katika mfuko huo.

Wengine wanasema: tugawe tena, kila kabila lipate komini yake. Hapo tunakataa. Ituri ilimwaga damu nyingi tangu 1999, na vita vile vilianzia kwenye ugomvi wa ardhi. Ukikata sahani tupu vipande kumi, utapata vipande kumi vitupu, na ugomvi juu.

Wengine wanasema: tungoje amani kwanza. Kweli, tarehe 6 Mei 2021 ilianza hali ya dharura, kiti cha gavana kikashikwa na ofisa wa jeshi, na baraza la jimbo likasimamishwa. Bunduki inaweza kulinda njia. Haiwezi kusoma daftari kwa niaba ya raia. Mahali baraza limenyamaza, raia hana budi kuuliza kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, kila komini, sekta na sheferi yenye mashimo ibandike mlangoni, kila miezi mitatu, fedha iliyoingia na kazi iliyofanya. Pili, washauri wachaguliwe kila mahali. Desemba 2023 komini za miji mikuu ya majimbo ndizo zilizopigiwa kura. Je, mchimbaji wa komini ya shamba si raia? Tatu, sisi wenyewe tujue mlango wa kubisha, tusimlaumu mkuu wa teritware kwa mfuko asiokuwa nao, wala tusimwache mwenye mfuko alale.

Ndugu, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulio na kalamu tuko tayari kuwasomea daftari hilo. Ninyi mlio wengi, nendeni mkaliombe. Msiende kwa mawe. Nendeni mia kwa mia, mchana, kwa jina lenu.