Pikipiki kubwa, leseni ndogo

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru hunusa Kikopey kabla hajaiona. Ukishaiacha Gilgil nyuma, moshi wa nyama hukujia dirishani, na punde waona vibanda vimejipanga kandokando ya barabara kuu, mbuzi wametundikwa, na vijana wenye makoti meupe wakikupungia mikono kana kwamba wewe ni jamaa yao waliyekuwa wakimngoja tangu alfajiri. Sisi watu wa Mwambao tukifika hapo kwanza huuliza amechinja nani, na tukisharidhika huuliza chai ya moto iko wapi, maana baridi ya huko haina huruma kwa mtu aliyezoea upepo wa bahari.

Nilikuwa nimeketi hapo Jumamosi moja nikimngoja mpwa wangu. Kijana huyu ni mzaliwa wa Mombasa, lakini kwa miaka kadhaa sasa yuko Uingereza, katika mji wa Leicester, kwa ajili ya kazi. Alikuja likizo, akakodi pikipiki, akanuia kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa magurudumu mawili. Mimi nilikuwa na jamaa wa kuwazuru Nakuru, basi tukaahidiana kuonana Kikopey saa saba.

Nikiwa katika kungoja, likaingia kundi la waendeshaji kutoka upande wa Nairobi. Lo! Pikipiki zile zilikuwa na kimo cha punda na upana wa kitanda, zimefungwa masanduku ya bati ubavuni, taa juu ya taa. Wote tuligeuka kutazama. Mmoja wao, aliyekuja nyuma ya wenzake, akatoka kwenye lami akaingia kwenye changarawe mbele ya bucha. Akasimama, akashusha mguu, na mguu haukufika chini. Pikipiki ikaanza kulala polepole, naye akiishikilia kama mtu ashikaye ng'ombe kwa mkia, mpaka ikalala kabisa. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini walihitajika watu wanne kuiinua, na wawili kati yao walikuwa wachoma nyama.

Mpwa wangu alifika baada ya nusu saa, vumbi tupu, juu ya pikipiki ambayo hakuna aliyegeuka kuitazama. Nami nilipomwuliza mbona amekodi kitu kidogo hivi ilhali huko aliko ana leseni ya kuendesha pikipiki ya ukubwa wowote, alicheka akasema, "Mjomba, leseni ndiyo iliyonifundisha kukodi hii."

Neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niandike. Vijana wetu walio ughaibuni, Uingereza, Omani, Imarati na kwingineko, siku hizi hawarudi na saa ya dhahabu tu. Wako wanaoota pikipiki ya safari: waipande, wapigwe picha, waione nchi yao kutoka Lamu hadi Ziwa Viktoria. Ndoto hiyo si mbaya. Ubaya ni kuwa wengi huanza na pikipiki, na leseni huja mwishoni kama kodi ya kero inayotafutiwa njia ya mkato.

Nami ninayesema haya si msafi. Leseni yangu niliipata zamani, katika mji mmoja ambao sitautaja. Nilizunguka mapipa mawili, nikaulizwa maana ya alama tatu za barabarani, na mtahini akatazama saa yake. Nilikuwa nimeiendesha pikipiki ya jirani kwa siku tatu tu. Juma lililofuata nililala mtaroni, mkono umevunjika, na mbuzi wa watu akinitazama. Karatasi ilikuwa mfukoni, halali kabisa.

Linganisha na aliyoyapitia huyu kijana. Uingereza tangu mwaka 1990 hakuna mtu mpya anayeingia barabarani na pikipiki kabla ya kupita mafunzo ya msingi ya lazima. Akiyapita hupewa cheti cha miaka 2, na kwa cheti hicho huruhusiwa pikipiki isiyozidi cc 125, yenye kibao chekundu cha herufi L kuwaarifu wenzake kuwa huyu bado ni mwanafunzi. Kisha kuna mtihani wa maarifa. Kisha kuna mtihani wa uwanjani, ambapo unatakiwa ufike mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukwepe kizuizi cha ghafla, na mara nyingine usimame papo hapo bila kuteleza. Ukifaulu huo ndipo utoke barabarani na mtahini akiwa nyuma yako. Hata hapo, kijana wa miaka 19 hupewa ruhusa ya pikipiki isiyozidi nguvu ya kilowati 35. Zile kubwa kabisa humngojea mpaka afikishe miaka 24, au miaka 21 ikiwa amekwisha kukaa miaka 2 na ile leseni ya kati.

Mpwa wangu aliniambia kuwa mtihani wa uwanjani alishindwa mara ya kwanza. Alifunga breki ya nyuma kwa hofu, gurudumu likaburuta. Alirudi nyumbani amenuna, akaona Waingereza wamemwonea. Mara ya pili akafaulu, na wiki chache baadaye gari lilimkatia njia kwenye mvua. Mkono wake ukavuta breki ya mbele taratibu, kama alivyofunzwa, kabla akili yake haijasema lolote.

Wako wanaodhani leseni ya Kenya itawafaa Uingereza daima. Sivyo. Mwenye leseni yetu aliyehamia huko huruhusiwa kuitumia kwa miezi 12 tangu awe mkaazi. Baada ya hapo hana budi kuanza upya kama mwanafunzi, maana Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja. Na wako wanaodhani ile hati ya kimataifa ya kuendeshea ndiyo ufunguo wa kila mlango. Nayo si leseni. Ni tafsiri ya leseni uliyonayo. Ikiwa yako ni ya gari tu, tafsiri yake nayo ni ya gari tu, na siku ya ajali mtu wa bima huisoma kwa makini kuliko polisi.

Kwa walio Omani na Imarati kuna jambo jingine. Huko hupita kulia. Aliyejifunza pikipiki Muscat akija akiingia kwenye mzunguko wa barabara mjini Nakuru, shingo yake hugeukia upande usiokuwa na hatari, na lori humjia kwa upande mwingine. Huyo nampa shauri akae siku mbili tatu akizunguka mtaani kwao asubuhi mapema, kabla hajafikiria barabara kuu ya malori ya Uganda.

Sheria zetu hazikukosa. Leseni ya Kenya siku hizi imegawanya pikipiki kwa madaraja: A1 ni ya zile ndogo zisizozidi cc 50, A2 ni ya pikipiki za kawaida, na A3 ni ya bodaboda, wapeleka mizigo na tuktuk. Sheria ya Barabarani, kwa marekebisho ya mwaka 2012, yataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na vizibao vya kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Haya yote yameandikwa. Lakini leseni yaweza kuandikwa vizuri na isifundishe kitu, kama ile yangu.

Ama kuchagua pikipiki, hapa ndipo watu hupotezwa na macho. Wengi waliiona filamu ya mwaka 2007 ya Ewan McGregor na Charley Boorman, walioshuka toka Uskoti hadi Cape Town kwa BMW kubwa, wakapita na Kenya yetu. Mtazamaji huiona pikipiki. Yale magari ya wasaidizi, mafundi na wapiga picha hayamkai akilini. Mimi namwona bora zaidi Ted Simon, mwandishi wa magazeti aliyeondoka London Oktoba 1973 kwa Triumph ya cc 500, akazunguka dunia miaka 4 peke yake, na Kenya ilikuwa njiani mwake. Alipokata shauri la safari hakuwa mwendesha pikipiki. Ilimbidi ajifunze kwanza. Karibu miaka 30 baadaye, akiwa mzee anayekaribia miaka 70, alirudia njia ile kwa BMW, na ni katika Kenya hii hii alipoanguka akavunjika mguu. Kwa hivyo barabara haimstahi hata hodari.

BMW ile iitwayo R 1250 GS ina uzito wa kilo 249 tangi likijaa, kabla hujaweka hata mswaki wako. Ukianguka nayo peke yako baina ya Mtito Andei na Voi, utamngoja nani? Hiyo mpwa wangu aliyoikodi, G 310 GS, haifiki kilo 180, nayo iliundwa India na TVS, kampuni ile ile ambayo pikipiki zake utazikuta kwa vijana wa bodaboda nchini mwote. Lakini usidanganywe na udogo wa injini ukadhani na kiti ni kifupi: chake kiko sentimita 83 na nusu kutoka ardhini. Ile Himalayan ya kwanza ya Royal Enfield, iliyotoka mwaka 2016, kiti chake kilikuwa sentimita 80, ingawa yenyewe ni nzito zaidi. Basi mtu na akae juu yake dukani, na viatu vyake vya safari, aone nyayo zimefika au hazikufika. Asione haya. Haya ziko kule kwenye changarawe.

Kuna na habari ya hewa. Kutoka Mombasa hadi Kikopey ni kilomita zipatazo 600, na njia yapanda kutoka usawa wa bahari mpaka zaidi ya mita 2,000 huko Limuru. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Ndiyo maana nakubaliana kidogo na wapenzi wa pikipiki kubwa: aliyempakia mkewe na mizigo, akitaka kulipita lori mlimani, cc 125 haimtoshi, tena yaweza kumtia hatarini. Sisemi watu wapande vibaiskeli. Nasema baina ya 125 na 1250 kuna nafasi pana sana, na vijana wetu wanairuka kama haipo.

Tulikula. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria walisogea kuitazama pikipiki ya mpwa wangu, wakauliza bei, wakauliza inakunywa petroli kiasi gani, kisha mmoja akauliza huko Ulaya leseni hupatikana vipi. Mpwa wangu akainuka, mikono ingali na mafuta ya nyama. Nyuma ya mabucha kulikuwa na kiwanja kitupu. Akapanga mawe kuwa njia, akaweka debe mahali pa kizuizi, akawaonyesha kwa mwendo mdogo: vuta breki ya mbele taratibu, tazama unakokwenda, usilitazame debe.

Wa kwanza alilitazama debe akaligonga. Wa pili alifunga breki ya nyuma, gurudumu likaburuta, wenzake wakapiga kelele. Punde walikuwa saba, kila mmoja akingoja zamu yake, na abiria barabarani wakipiga miluzi bila kusikizwa. Nyama yetu ikapoa mezani. Yule bwana wa pikipiki kubwa naye alikuja akasimama kando, helmeti mkononi, akitazama kimya.

Mmoja wa vijana wale akanigeukia. "Mzee, na wewe huna leseni ya pikipiki?"

Nikamwambia ninayo, tena ya siku nyingi. Akanipisha nipande. Nikasema mgongo unaniuma, nikarudi kwenye chai yangu.