Usiulaumu wembe, legeza mkono
Kama umeachana na nyembe za plastiki zenye makali matatu ukahamia kile kishikio cha chuma kinachofungwa wembe mmoja, na sasa kidevu kinawaka moto, usikitupe bado. Mara nyingi kosa liko mkononi. Nyembe za plastiki zimetuzoesha kukandamiza. Hiki cha chuma kina uzito wake. Kilaze nyuzi kama 30 kutoka kwenye ngozi, kisha kiache kiteleze chenyewe.

Nyoa baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, povu liwe la kutosha. Fuata ndevu zinakoelekea. Za shingoni huelekea huku na huku, zipapase kwanza. Na usivute ngozi. Nywele za kipilipili zikikatwa chini ya ngozi hujikunja na kuichoma kwa ndani, ndipo vipele vinapoanza. Ndiyo maana siafiki kabisa tamaa ya kidevu laini kama cha mtoto. Bakiza vindevu vinavyokwaruza kiganja (mkeo atazoea).

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, spiriti achana nayo. Wembe ukianza kuvuta, badilisha.

Mzazi, kijana anayeanza kunyoa asiazime wembe wa baba wala wa kaka: homa ya ini aina B na VVU huweza kupita kwenye damu kidogo tu. Akitoka vipele vyenye usaha, au makovu yanayovimba kidevuni au kisogoni, aache kunyoa na umpeleke kliniki ya ngozi mapema, kabla hujajaribu krimu za dukani.