Tiyo ya nyuma ya jiko

Wiki hii tunaandika juu ya choo. Aliye mezani amalize kula kwanza.

Wanne kati yetu tunakaa parseli moja hapa Kalehe, kwenye mteremko unaoshuka kuelekea ziwa. Choo ni kimoja, cha kumwagia maji. Tiyo yake inapita nyuma ya jiko mpaka kwenye shimo, kama mita kumi na mbili chini. Kwanza tuliona lengalenga. Ilikuwa mwezi wa saba, mvua hakuna, mashamba yamekauka, lakini nyuma ya jiko lengalenga zilinona ajabu. Tulizichuma, tukazipika, tukasifu udongo. Wiki mbili baadaye harufu ndiyo iliyotuambia zilikuwa zinanyweshwa na nini.

Tukaita fundi. Alisimama mlangoni, akaangalia mbali, akasema shimo lote limekufa, lijengwe upya, dola 280, na dola 60 zitangulie za kununua simenti. Hatukumuuliza amejuaje. Pesa hatukuwa nazo, ila mmoja wetu alikuwa amepokea zamu yake ya likelemba, pesa za kuingiza mtoto shule mwezi wa tisa. Akazitoa, tukamwambia tutarudisha. Fundi alichimba siku moja, tena upande usiohusika, na simu yake haijapatikana mpaka leo.

Wa pili alikuwa mzee, tuliletewa na mama wa kikundi cha jirani. Huyu hakutaja bei. Aliomba ndoo mbili za maji na bluu ya kufulia. Akazimwaga chooni, akatutuma wawili tukae kwenye shimo na wawili nyuma ya jiko. Shimoni yalifika maji kidogo sana. Nyuma ya jiko udongo uligeuka buluu mbele ya macho yetu. Akachimba hapo, taratibu kwa mikono, akakuta kiungo kimeachana na mzizi wa avoka umeingia ndani. Shimo lenyewe lilikuwa zima.

Alituonyesha kwamba tiyo ilikuwa imelazwa juu ya mawe, bila mchanga chini. Tangu mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023, yaliyoua mamia ya watu Bushushu na Nyamukubi, sisi wa Kalehe tunajua udongo wa mteremko ukishiba maji unafanya nini. Hata mlima usipoanguka, udongo ukishuka kidogo tu, kiungo kinaachia. Mzee alitandika mchanga, akaweka tiyo mpya, akapima ishuke sentimita mbili kwa kila mita. Alisema ikilala sana uchafu unakaa, ikisimama sana maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma. Kabla ya kufukia alimwaga bluu tena, tukaangalia viungo vyote.

Hesabu yake ni hii: tiyo dola 18, viungo viwili 6, gundi 3, mchanga na kazi ya siku mbili 25, chokaa ya kumwaga palipolowa 3. Jumla 55. Pungufu ya zile alizokimbia nazo wa kwanza.

Mwenye nyumba anakaa Bukavu. Mwanzoni alisema choo ni cha wanaokitumia. Shefu wa kijiji ndiye aliyemkumbusha kwa simu kwamba dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ndiyo inayoongoza mikataba katika nchi yetu mpaka leo, inamtaka mwenye nyumba kufanya matengenezo yote, isipokuwa yale madogo ya mpangaji. Tiyo kuachana ardhini siyo kosa la mpangaji. Akakubali tukate dola 55 kwenye pango, mradi tumwonyeshe risiti, na tulikuwa nazo. Zile 60 alikataa, na hapo hatuwezi kumlaumu. Tulizitoa wenyewe, bila kumwuliza yeye wala kuangalia ndani ya udongo.

Kuna jambo tulitaka kuliruka, lakini tumeambiana tuliandike. Chini ya parseli yetu anakaa mama mwenye watoto watatu, na kisima kidogo anachochota hakifiki mita 30 kutoka pale tiyo ilipovuja. Wiki zile mbili tulizovumilia harufu, mtoto wake wa mwisho aliharisha mpaka akalazwa kwenye kituo cha afya. Alipona. Haikuwa kolera, ingawa kolera haiishi kando ya ziwa hili. Hatuwezi kusema ni tiyo yetu, wala hatuwezi kusema siyo. Tulichoweza kusema ni kwamba maji yale ayachemshe, na hatukumwambia, kwa sababu tuliona haya. Tulimwambia siku mzee alipofukia. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza tu: "Na mulijua tangu lini?"

Deni la likelemba tuligawanya wanne, dola 15 kila nyumba, naye mwenyewe akiwemo kwa sababu alikataa tumtoe. Nyumba mbili zimekwisha kulipa. Ya tatu imebakiza dola 7 na imeahidi kuzileta siku ya mkutano. Mtoto alianza shule amechelewa siku tisa.

Lengalenga tumezing'oa zote.